Nilinunua diski ya muvi ya Many Saints of Newark kwa ajili ya vipande vya nyuma ya pazia tu

Nimeichukua Kariakoo kwenye kaduka fulani, muuzaji akaniambia "bosi hiyo haijatafsiriwa eeh", nikamwambia we nipe tu. Kava lina mikwaruzo ila inacheza fresh.

Muvi yenyewe ya 2021 nampa sita kwa kumi, wahusika wengi mno halafu inaisha ukiwa bado unatafuta nani ni nani, kama hujaangalia Sopranos, ile tamthilia ya Kimarekani ya mafia (1999 mpaka 2007) ambayo muvi hii inasimulia yaliyoitangulia, utapotea mazima. Sasa njoo kwenye vile vipande vya walivyoitengeneza, hapo ndo hela yangu imerudi. Mwaka 1967 kulikuwa na vurugu kubwa za ubaguzi wa rangi Newark, mji wa kule Marekani, muvi inazionyesha, na hawa jamaa wakaenda kushuti hukohuko Newark, wakajaza magari ya kizamani, nguo, vibao vya maduka, yani mtaa mzima unarudi miaka ya sitini, we fikiria mtu aivalishe Msimbazi iwe ya enzi za Mwalimu.

Halafu kuna Michael Gandolfini, anayecheza Tony Soprano, yule mhusika mkuu, akiwa bado kijana, kazaliwa mwaka uleule tamthilia inaanza, baba yake James ndo alicheza Tony mwenyewe kwenye tamthilia, akafariki 2013 dogo ana miaka 14. Kumbe dogo alikuwa hajawahi kuiangalia hiyo tamthilia! Ikabidi aanze kumwangalia baba'ake pale ili ajifunze kuwa yeye. Akiinamisha kichwa vile na kile kitabasamu cha upande, aisee, nilirudisha nyuma mara tatu, mke wangu akauliza we unalia au mafua.

Umeme ukakatika hapohapo, Tabata bwana.