Mapitio ya podikasti ya Serial: mtangazaji aliyekubali kubaki na shaka

Msimu wa kwanza wa Serial, vipindi 12 vilivyotoka mwaka 2014, unachunguza kesi ya Adnan Syed, aliyetiwa hatiani mwaka 2000 kwa kumuua Hae Min Lee, mwanafunzi mwenzake huko Baltimore, Marekani. Kilichonigusa zaidi ni kipindi cha tano, ambamo mtangazaji Sarah Koenig anaingia garini na mwenzake kupima iwapo kweli mtu angeweza kutoka shuleni baada ya kengele ya saa 8:15 mchana, akaua, kisha akapiga simu saa 8:36. Anakiri kwamba inawezekana, ingawa kwa taabu, na kwa kuwa jibu hilo halimsaidii mfungwa anayezungumza naye, hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Hata hivyo mizani inalalia upande mmoja. Sauti ya Syed, changamfu na ya upole, inatufikia kupitia simu ya gerezani, ilhali familia ya Hae haizungumzi, na marehemu mwenyewe tunamsikia kupitia shajara yake tu. Inaniuma kwamba ni yeye tunayemfahamu kidogo kuliko wote.

Koenig anamaliza kwa kusema kuwa angekuwa mmoja wa wazee wa baraza angemwachia huru, bila kuapa kwamba hana hatia. Uangalifu huo ulistahili: hukumu ilifutwa mwaka 2022, ikarejeshwa mwaka 2023, na mwaka 2025 jaji akapunguza adhabu hadi muda aliokwisha kuutumikia, hatia ikabaki palepale.