Siku nne katika nyumba ya paa la mabua, Milton Abbas: uzoefu wangu

Mwezi wa Mei nilikodi kwa siku nne nyumba moja yenye paa la mabua ya ngano katika kijiji cha Milton Abbas, mkoa wa Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kufanya vivyo hivyo. Nyumba yenyewe naisifu bila kusita. Maelezo ya mpangishaji katika tangazo lake siwezi kuyasifu, kwa sababu yanadai kwamba nyumba ni ya enzi za kati na kwamba kijiji kilikua chenyewe kidogo kidogo kwa karne nyingi, na yote mawili si kweli.

Asiye mjuzi anaweza kuligundua hilo kwa macho tu. Mtaa ni mmoja, unateremka bondeni, na pande zake zote mbili zimepangwa nyumba 36 zinazokaribia kufanana kama pacha: kuta nyeupe, paa lililoshuka hadi usawa wa vichwa vya madirisha, na uwanja wa majani mbele ya kila moja. Vijiji vya kale havikai hivyo. Nyumba zilizoongezwa moja moja na watu tofauti hupishana, hii ikiegemea njia, ile ikiipa kisogo. Hapa nafasi kati ya nyumba na nyumba ni kama imepimwa kwa kamba, na kwa hakika ilipimwa. Joseph Damer, tajiri aliyeinunua milki ya Milton mwaka 1752, hakupenda kuuona mji mdogo wa Middleton ukiwa umeshikana na jumba lake na kanisa la abasia, yaani monasteri ya zamani. Akaununua nyumba kwa nyumba, akisubiri mikataba ya wapangaji iishe, akaubomoa kwa muda wa takriban miaka 20, na sehemu ya wakazi wake wakahamishiwa katika kijiji hiki kipya kilichojengwa mahali ambapo macho yake yasingefika. William Chambers, aliyemchorea jumba, na Lancelot Brown, aliyempangia bustani, wote wawili wanahusishwa na mpango wa kijiji. Panaposimuliwa habari hizi hakukosi kutajwa wakili mmoja, Harrison, aliyekataa kuuza; inasemekana Damer aliyafungulia maji yakaingia nyumbani kwake, naye Harrison akamshtaki mahakamani akamshinda.

Mji uliobomolewa ulikuwa na shule, maduka na vilabu vya pombe. Niliuzunguka uwanja uliobaki, nikaona majani, miti na kondoo tu, na nilihuzunika zaidi ya nilivyotarajia.

Nyumba hizi zilikusudiwa familia mbili kila moja, na mlango wa mbele ukawa mmoja, katikati. Ndivyo ilivyo hadi leo katika nyumba niliyokaa: unaingia kwenye kiukumbi kisichozidi upana wa mtu na mzigo wake, mlango wa kushoto ni wa mgeni, wa kulia ni wa jirani, mzee mmoja ambaye tuliamkiana hapo kila asubuhi. Tangazo halikulitaja jambo hilo. Asiyependa kukutana na watu akiwa amebeba taka alijue mapema, ingawa kwangu mimi hapo ndipo historia ya nyumba ilipoonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Kuta ni za udongo mtupu. Mimi nimekulia Pangani, katika nyumba ya miti na udongo, kwa hiyo nilitazamia kuona fito zilizofungwa na kukandikwa. Hapa hakuna fito hata moja. Udongo ulichanganywa na mabua na maji, ukakanyagwa hadi ukashikana, kisha ukapandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiachwa likauke kwanza kabla ya kubebeshwa jingine. Unene wake ni wa kushangaza. Niliulaza mkono wangu dirishani, na kutoka kiwiko hadi ncha za vidole haukufika kwenye kioo. Mafundi wa kusini-magharibi husema kwamba ukuta wa namna hii hauhitaji zaidi ya kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa linalotoka nje vya kutosha na msingi wa mawe unaouinua kutoka kwenye unyevu.

Kasoro moja kubwa niliyoikuta inahusu ukuta huohuo. Katika chumba cha nyuma, chini ya dirisha, rangi ilikuwa imefura malengelenge, na nilipoibonyeza ilibonyea kama ganda la mkate uliolowa. Nilipotoka nje nikaona sababu: mtu alikuwa ameziba ufa kwa saruji. Ukuta wa udongo hupumua kupitia chokaa. Unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Saruji huufungia ndani, na udongo uliosimama miaka mia mbili na zaidi huanza kulainika. Chumba kilinuka ukungu, nikahamishia godoro sebuleni. Nilimweleza mpangishaji kwa ujumbe, akaomba radhi, akarudisha malipo ya usiku mmoja.

Paa, kwa upande mwingine, limetunzwa vizuri sana. Kwa bahati fundi alikuwa akiezeka nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikasimama kumtazama karibu saa nzima. Huanzia kwenye upenu akipanda juu, kila safu ikifunika vifungo vya safu iliyo chini yake. Vifungo vyenyewe ni vijiti vya mti wa mheseli vilivyopasuliwa, vikachongwa ncha zote mbili, kisha vikasokotwa katikati na kukunjwa kama pini ya nywele. Hukita kimoja kwa kiganja, hushika kingine. Baada ya hapo huchukua kibao chenye mpini na uso wenye meno, akapiga miisho ya mabua hadi yote yakalingana. Mvua huteleza kutoka ncha hadi ncha juu ya mteremko mkali, na ndani kabisa hubaki pakavu. Usiku wa pili ilinyesha sana nami sikusikia kitu, mpaka nilipofungua dirisha.

Mabua hayo hayapatikani katika shamba lolote tu. Ngano za siku hizi zina bua fupi, na mashine za kuvuna na kupura kwa pamoja huliponda, kwa hiyo wakulima wachache hupanda aina za zamani kama Maris Widgeon na kuzikata kwa mashine za zamani. Paa la namna hii hudumu miaka 25 hadi 40, lakini mgongo wake hubadilishwa kila baada ya miaka 10 hadi 15, na gharama ni kubwa. Sioni ajabu kwamba kodi ilikuwa juu.

Mishumaa na fataki ni marufuku, na ni haki: mji wa jirani, Blandford Forum, uliteketea karibu wote mwaka 1731, ukajengwa upya kwa matofali na vigae. Treni haifiki kijijini. Teremka Poole au Dorchester, uagize teksi mapema.

Ningekodi tena, chumba cha mbele. Nilimwandikia mpangishaji mistari mitano kuhusu Middleton na ujenzi wa kijiji miaka ya 1770 na 1780, nikimwomba aiweke mahali pa maneno yake. Alijibu kwa heshima kwamba ataifanyia kazi. Leo asubuhi nimeangalia, na tangazo bado linasema enzi za kati.