Ofisi ya mbunge wetu hapa Iowa: inasaidia, lakini haijibu

Huduma hii ni ya bure na iko karibu na kila mmoja wetu, lakini watu wetu wengi hapa Iowa hawajawahi kuigusa. Kila mbunge wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, wote 435, ana ofisi nyumbani kwa wapiga kura wake, mbali na ile ya Washington. Humo mna wafanyakazi ambao kazi yao ni kumsikiliza mtu aliyekwama na idara ya serikali kuu, kisha kuiandikia idara hiyo kwa niaba ya mbunge. Uhamiaji, pensheni, kodi, hospitali za wanajeshi wastaafu, mashamba, yote yanapita hapo. Hakuna anayekuuliza chama chako. Mimi nimeitumia, na kwa kuwa uchaguzi wa Novemba umekaribia na kila mgombea ghafla anawapenda wakulima, naandika nilichokiona.

Mbunge simtaji, wala wilaya yake. Iowa ina wilaya nne za ubunge. Anayetaka kukisia akisie.

Mimi ni mama wa Uvira, Kongo, nikapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa nalima shamba dogo la kukodi nje ya mji. Nalima lengalenga (mchicha), nyanya chungu, majani ya maboga, maharagwe na mahindi meupe ya kuchoma. Wanunuzi ni Wakongo, Warundi, Watanzania, na Wamarekani wachache wanaouliza kila Jumamosi nyanya chungu zinapikwaje. (Sombe, yaani majani ya mhogo, msiniulize. Mhogo na baridi ya hapa havipatani, tutaendelea kula ya kugandishwa.) Niliingia mkataba na ofisi moja ya serikali: nijenge banda la nailoni la kufunika matuta ili msimu urefuke, nao wanirudishie sehemu ya gharama. Nikajenga. Mkaguzi akaja na futi yake, akapima, akasaini. Baada ya hapo kimya. Nikipiga simu naambiwa ujumbe wangu umepokelewa. Banda nililijenga kwa mkopo, na mwenye mkopo hakukaa kimya hata wiki moja.

Dada mmoja wa kanisani, aliyewahi kufuatilia karatasi za mume wake kwa njia hii, ndiye aliyenisukuma niende kwa mbunge. Nilidhani ananitania. Kwetu mtu haendi kwa mheshimiwa bila kumjua mtu anayemjua mtu.

Ofisi yenyewe iko katika jengo la kawaida, ghorofa ya kwanza, jirani na daktari wa meno. Bendera mbili, picha ya mbunge akicheka katikati ya mahindi, na kijana mmoja mezani. Alinipa kiti, akaniita kwa jina langu la kwanza kama tuliocheza kombolela pamoja, nikamsamehe maana ndivyo walivyolelewa. Niliposema Kiingereza changu cha karatasi ni kidogo, alipiga simu ya wakalimani na baada ya muda mfupi kulikuwa na mama wa Kiswahili kwenye spika. Hapo nilianza kuwapa alama. Kuna ofisi nyingi ambako wanakuambia uje na mtoto wako akutafsirie, mtoto ambaye hajui hata maana ya riba.

Kitu cha kwanza ni fomu. Kwa Sheria ya Faragha ya 1974, idara haiwezi kumweleza mbunge habari zako bila wewe kusaini kwamba umeruhusu. Hivyo ukipiga simu tu ukalia, hakuna kitakachofanyika mpaka usaini. Fomu inataka namba ya faili, tarehe, na maelezo mafupi ya tatizo. Kijana alinikatisha nilipoanza kusimulia tangu Nyarugusu: "Mama, mkataba ulisainiwa lini, na mkaguzi alikuja lini?" Nilikasirika kidogo. Baadaye nikaona alikuwa na haki, maana maswali hayo mawili ndiyo yaliyofungua mlango.

Alinieleza pia mipaka yao, na hili nalisifu: ofisi ya mbunge inaweza kuuliza, kukumbusha na kudai jibu, lakini haiwezi kuiamrisha idara ikulipe. Hakuniahidi chochote. Nilikuwa nimebeba kapu la nyanya, si rushwa jamani, ni adabu tu, mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Alikataa kwa upole, akasema akiwa anashughulikia faili langu hawezi kupokea kitu kwangu. Nilirudi nazo nyumbani na heshima yangu kwake ikapanda.

Jibu la idara lilikuja kabla ya mavuno ya mwisho. Aliyekuwa na faili langu alikuwa ameacha kazi, na hakuna aliyelirithi. Hiyo tu. Halikuwa na kosa, karatasi zote zilikuwa sawa, limelala kwenye kompyuta ya mtu ambaye hayupo. Wakati huohuo serikali ikafungwa kwa kukosa bajeti, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, siku 43, kipindi kirefu kuliko vyote vilivyotangulia. Kijana wangu aliendelea kupokea simu, ila upande wa pili hakukuwa na wa kumjibu. Hela ziliingia karibu na Krismasi.

Kwa hiyo kama swali ni "inafanya kazi?", jibu ni ndiyo. Nyota nne kwa huduma ya dirishani, na ya tano ningemwongezea kijana peke yake.

Lakini mimi sikuishia hapo. Baada ya kulipwa nilimuuliza swali jingine: mafaili mangapi kama langu yamelala, na mbunge anafanya nini kuhusu idara zinazopoteza watu bila kukabidhi kazi? Uso wake ulibadilika. Akasema hilo ni suala la sera, niandike barua kwa mbunge kupitia tovuti. Nikaandika, mwanangu akinisahihishia. Jibu lilikuja likiwa na saini nzuri ya wino wa buluu iliyochapwa na mashine. Lilinishukuru kwa kujali kilimo, likaeleza aya mbili kuhusu maharage ya soya na mafuta ya ethanoli, na likanihakikishia kwamba mbunge anasimama na wakulima. Swali langu halikuguswa. Barua hiyo naipa nyota moja, ya karatasi.

Sasa yule anayetaka kiti hicho. Alikuja kwenye ghala la mkulima mmoja, viti vya kukunja, kahawa nyepesi, biskuti. Nilikwenda kwa sababu nilisikia anazungumzia uwajibikaji wa serikali na wakulima, na mimi vyote viwili vilikuwa vimenigusa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mbunge wetu haonekani. Anafanya mikutano ya simu, ambako wafanyakazi wake ndio wanaochagua nani aulize, lakini kusimama mbele ya watu na kipaza sauti wazi amekwepa. Alimtolea mfano Seneta Chuck Grassley, mtu wa chama kilekile cha mbunge, ambaye kwa miongo mingi amezunguka kaunti zote 99 za Iowa kila mwaka na kujibu maswali. Ni hoja nzuri kwa sababu wazee wote pale ghalani wanamjua Grassley na nusu yao wamewahi kugombana naye.

Halafu akaingia kwenye fedha, na hapa nilitoa kalamu. Sheria kuu ya kilimo ni ya 2018, ilipaswa kubadilishwa 2023, na Bunge limekuwa likiisogeza mbele kipande kwa kipande. Vita vya ushuru na China vilirudi. Kwa miezi kadhaa mwaka 2025 China karibu iache kabisa kununua soya ya Marekani. Kisha Desemba serikali ikatangaza dola bilioni 12 za kuwafuta wakulima machozi, kama ilivyofanya katika vita vya ushuru vya 2018. Kuhusu usimamizi alikumbusha kwamba Januari 2025 Rais aliwaondoa wakaguzi wakuu wa idara nyingi kwa mpigo, akiwemo Phyllis Fong wa Wizara ya Kilimo, ambaye ofisi yake ndiyo ilikuwa inachunguza hela za wizara zinaibiwaje na zinapoteaje. "Wanamwaga fedha na wanazima taa," ndivyo alivyosema, na watu wakapiga makofi.

Nilipiga na mimi. Ila nilikuwa na hesabu yangu. Katika zile bilioni 12, bilioni 11 zilipangiwa mazao makubwa ya mashamba ya soya, mahindi, ngano na wenzake, na bilioni 1 ikabaki kwa waliosalia wote. Sisi wa mboga tuko kwenye waliosalia. Sheria ya fedha ya Julai 2025 ilipandisha bei ya rejea ya soya, ile ambayo soko likishuka chini yake serikali inamwongezea mkulima, kutoka dola 8.40 hadi dola 10 kwa busheli (kipimo chao cha nafaka), na ya mahindi kutoka 3.70 hadi 4.10, na kiwango cha juu cha malipo kwa mtu mmoja kikapanda kutoka dola 125,000 hadi 155,000. Lengalenga haina bei ya rejea. Kilichokuwa kinatugusa sisi wadogo ni ule mpango wa kununua chakula cha wakulima wa karibu kwa ajili ya shule na ghala za chakula cha msaada, na Machi 2025 wizara iliufuta, zaidi ya dola bilioni 1 nchi nzima. Katika hotuba yake yote mpango huo hakuutaja.

Nikanyoosha mkono. Nilimuuliza yeye atausimamiaje, na kama atapinga wakubwa kuongezewa huku wadogo wakikatwa. Watu wa soya walikuwa wamekaa mbele yangu, safu mbili nzima. Alisema ni swali zuri. Akasema wakulima wote wanahitaji soko la uhakika. Akaandika kitu kwenye daftari na msaidizi wake akachukua namba yangu. Mpaka leo sijapigiwa, na kampeni ndiyo wakati ambao wanasiasa wanapiga simu.

Kwa upande mmoja lakini amenifumbua macho. Wiki ileile nilipata kipeperushi cha mbunge, kile wanachokituma kwa posta bila stempu kwa haki ya ubunge. Kinajisifu kwa mamilioni ya dola ambayo ofisi yake "imewarudishia" wananchi. Nikakaa nacho mezani. Katika mamilioni hayo na zangu zimo! Hela ambayo mimi ndiye nilikuwa naidai serikali, na ilipaswa iniombe radhi, imecheleweshwa na serikali yenyewe, nimeifuatilia kwa miguu yangu, sasa imekuwa fadhila ya mtu. Kijana wa dirishani analipwa kwa kodi yetu na hairuhusiwi akiwa kazini afanye kampeni. Akishinda mwingine Novemba 3, dirisha litakuwa palepale, pengine na kijana yuleyule, kwa sababu ni la kiti, si la mtu. Yule wa ghalani alisema mbunge anayekurekebishia faili moja moja bila kuuliza kwa nini mafaili yanapotea anajipatia wateja wa kudumu. Hapo sina la kumpinga, na nisingeona hivyo kama sikupita mwenyewe.

Basi, kwa anayetaka kwenda. Weka namba yako ya posta kwenye tovuti ya house.gov, itakuonyesha mbunge wako na ofisi zake. Maseneta nao wana huduma hiyohiyo. Chagua ofisi moja kwanza, maana ukiwatuma wote kwa pamoja idara inajibu kila mtu polepole na wewe unachanganyikiwa. Beba nakala, karatasi halisi baki nazo. Andika tarehe zote kwenye karatasi moja kabla hujaingia. Omba mkalimani mapema kwa simu, na sema Kiswahili cha wapi, maana mama yule wa kwenye spika alikuwa wa Mombasa na tuligombana kidogo juu ya majina ya mboga. Nenda asubuhi mapema, maana ofisi ina mtu mmoja tu na ikikaribia saa ya chakula cha mchana simu zinaanza kumlemea. Swali la sera usimuulize kijana, utamwonea bure. Lipeleke mahali ambapo mwenye kiti, au anayekitaka, amesimama mbele ya watu wengi. Nyanya ziacheni nyumbani.