Sista aliyeninusa shati: uzoefu wangu na zahanati ya mtaani kwetu

Naandika bado nina hasira, mtanisamehe. Jina la zahanati silitaji. Wa Mbagala wenzangu mtajua hali zilivyo: benchi limevunjika mguu, feni inazunguka kwa kujisikia.

Binti yangu ana mwaka na miezi. Tangu mvua zile zianze anakohoa usiku, kifua kinalia kama filimbi. Tulishampeleka pale mara tatu kama si nne. Kila mara ni dakika tano kwa daktari, sirapu ya antibayotiki, foleni ya dirisha la dawa, nyumbani. Habari za nyumba tunayoishi hakuuliza mtu.

Safari hii nikaenda na mimi. Sista akachukua kadi ya kliniki, akampima mtoto uzito, akamsikiliza kifua. Halafu badala ya kuandika akanisogelea mimi, akaninusa. Ndiyo, akaninusa, hapa begani, kama mtu anayenusa maziwa ajue kama yamechacha. Kisha kwa sauti ya mpiga debe: "Baba Salma, kumbe unavuta sigara! Na mtoto unambeba na shati hilihili?"

Benchi zima likageuka. Akina mama kama kumi na mbili, na mzee mmoja ninayeswali naye.

Nikamjibu kwa adabu (mke wangu anasema haikuwa adabu ile) kwamba mimi sivuti ndani, navuta barazani usiku, mtoto kalala. Akacheka. Akasema moshi haujui mpaka wa baraza, unapita chini ya mlango, na masizi yake yananasa kwenye shati, ndevu, pazia, godoro, na mtoto anayetambaa kila kitu anapeleka mdomoni. Mtoto anapumua haraka kuliko sisi na njia zake za hewa ni nyembamba, kwa hiyo moshi kidogo kwako kwake ni mwingi. Kemikali zaidi ya 7,000 zimo humo. Kufungua dirisha hakusaidii, feni ndiyo kabisa, inausambaza tu. Na hata masikio, akasema. Mtoto anayekaa na moshi huugua masikio mara kwa mara.

Hapo kwenye masikio nikanyamaza. Mwezi uliopita Salma alitoka usaha sikioni, tukasema ni maji ya kuogea. Bibi yake akalaumiwa kwa kumwogesha vibaya. Mama wa watu.

Lakini jamani, ndiyo mbele za watu? Chumba cha kuzungumzia kipo, nimekiona kwa macho yangu, kimejaa maboksi. Halafu wakati mimi nasomewa, mlinzi wao yuko getini na fegi mdomoni, moshi unaingia moja kwa moja walipokaa wenye vichanga. Sheria ya tumbaku nchi hii tunayo tangu 2003. Nikamwonyesha sista kwa kidole. Akasema, "Yule nimeshamchoka." Mimi ndiye hajanichoka!

Sasa sikieni kilichoniuma kuliko shati. Nilimeza aibu yangu nikamuuliza, "Haya sista, nimekuelewa. Naachaje?" Maana nimeanza kuvuta nikiwa kondakta, kabla hata ya kuoa. Akanijibu, "Mwombe Mungu, baba. Anayefuata!"

Basi. Hakuuliza navuta ngapi kwa siku, wala ya kwanza naiwasha saa ngapi, wala kama nimewahi kujaribu. Angeuliza ningemwambia: kila Ramadhani nashinda mchana kutwa bila sigara na sifi, ila ikiadhiniwa magharibi tende mkono huu, kiberiti mkono huu. Pale kuna kitu mtu anayejua kazi yake angekishika. Pua ya kunikamata anayo, neno la kunisaidia hana.

Kwenye bajaji mama Salma kimya. Nikamuuliza, "Wewe ndiye uliyemwambia?" Akaanza kuangalia maduka. Nikajua. Chumba kizima kinanuka spiriti, atanusa sigara saa ngapi?

Nilianza kuandika hapa kwamba zahanati ni mbovu, msiende. Nimefuta. Madaktari wamemwona mtoto mara zote hizo, na wote wamemwandikia sirapu, aliyegusa ugonjwa ulipo ni sista peke yake. Kwa hiyo wabovu ni madaktari. Sista ni mkorofi, lakini mkorofi na mbovu si kitu kimoja. Ingawa hata huo ukorofi, sijui, kama angenong'ona pengine ningemkatalia.

Shati la kuvutia sigara sasa nalitundika uani, nanawa mikono na uso ndipo namshika mtoto. Barazani nimehama, naenda mpaka kwenye mwembe wa jirani. Juzi nilitoka alfajiri mpaka saa kumi jioni bila hata moja, kichwa kikaniuma mpaka nikamgombeza abiria asiye na kosa. Kikohozi cha usiku kimepungua. Dawa au mwembe, Mungu anajua.

Wiki ijayo tunarudi. Mama Salma anasema ataenda peke yake, nimekataa. Nitavaa shati lililotoka kwenye kamba asubuhi hiyohiyo, nikae benchi la mbele kabisa. Aje aninuse.