Chai ya Viungo Nyumbani: Ununue Nini, Uache Nini

Ukitaka chai inayonukia mpaka barazani, pesa yako itangulie kwenye iliki. Ndiyo ghali kuliko wenzake, na ndiyo masala ya bei rahisi huipunja. Kwa hiyo nimepanga chaguo hizi kwa kuangalia kwanza utapata iliki kiasi gani, na mbichi kiasi gani.

Nafasi ya kwanza, bila ubishi, ni viungo vizima. Ukiwa Darajani Unguja, Marikiti ya Mombasa au Kariakoo, usiulize bei kabla hujanusa. Chagua iliki ya kijani iliyofunga vizuri, kisha omba kupasua moja. Punje ziwe nyeusi, zimeshikana kwa unyevunyevu, na harufu ipande puani papo hapo. Zikiwa zimepauka na kumwagika kama mchanga, mwachie mwenyewe. Karafuu ibonyeze kichwa kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta. Muuzaji akikuruhusu, tupia chache kwenye glasi ya maji. Zenye mafuta huzama au husimama wima, zilizokwisha kukamuliwa hulala juu. Mdalasini wa Zanzibar una magamba membamba yaliyojikunja tabaka juu ya tabaka, na huvunjika kwa vidole. Ule mnene, mgumu kama kijiti, ni kasia, gome la mti wa jamii ya mdalasini. Chai haiharibu, lakini usiulipie bei ya mdalasini.

Ya pili ni masala unayosagiwa ukiona. Hapa una sauti: mwambie aongeze iliki, apunguze mdalasini, kwa sababu unga wa mdalasini ukizidi huacha utelezi chini ya kikombe. Chukua gramu 50 tu. Kiungo kikishasagwa harufu huanza kutoroka, na kilo nzima kabatini mwisho wake ni vumbi la kahawia.

Masala ya kopo au pakiti ni ya tatu. Geuza upande wa viambato: huandikwa kuanzia kilicho kingi. Iliki ikiwa miongoni mwa vya mwanzo, nunua. Ikitajwa mwisho, baada ya tangawizi, pilipili manga na wanga, irudishe rafuni.

Ya nne ni vifuko vya chai vyenye viungo. Kazini vinafaa, sivikatai. Chana kimoja utazame: kama ni majani matupu yanayonukia sana, hicho ni kionjo kilichoongezwa kiwandani. Ukimwaga maji ya moto, funika kikombe dakika 5.

Ya mwisho ni unga wa chai uliochanganywa tayari na maziwa na sukari. Mara nyingi sukari ndiyo ya kwanza kwenye viambato, maana yake unanunua sukari kwa bei ya viungo.

Majani yenyewe yasikusumbue. Ya Kericho au Mufindi, ya punje ndogo nyeusi, yanastahimili maziwa vizuri. Kwenye madaraja ya Kenya, BP1 ni punje kubwa kidogo, PF1 ndogo zaidi. Zote zinafaa kuchemshwa. Vumbi la chai hutoa rangi haraka lakini hupenya chujio.

Kupika: maji vikombe 2, iliki 4 zilizopondwa na maganda yake, karafuu 2, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, tangawizi mbichi kidogo. Chemsha dakika 5 kabla ya kutia maziwa. Hilo usiliruke: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio hukiua. Halafu tia maziwa kikombe 1 na majani vijiko vidogo 2, acha ichemke tena, chuja.

Onja kwanza bila sukari, kisha na sukari kidogo, maana sukari huiinua iliki. Koo likiwaka na pua haisikii kitu, safari ijayo punguza tangawizi, ongeza iliki 2. Ikiwa chungu ikikausha ulimi, majani yamekaa motoni mno.