Nimelipia programu ya maneno ya GRE, nikaishia kudharauliwa

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kuna hii programu ya simu inayofundisha vile vivumishi vigumu vya Kiingereza vyenye mzizi wa Kilatini, mwishoni mwa mwaka jana hivi nikalipia kifurushi kizima kwa M-Pesa maana natafuta masters nje, na kwenye GRE, ule mtihani wa kuombea nafasi ya masters, sehemu ya Verbal, yaani ya lugha, ndio inanitesa.

Mwanzoni niliipenda kweli. Haikurundikii orodha ya kukariri, inakupa mzizi kwanza. Loqui ni kusema, basi loquacious ni mtu wa maneno mengi. Tacere ni kunyamaza, taciturn ni yule asiyeongea ongea. Pugnus ni ngumi, pugnacious ni mgomvi. Ukishalishika neno hivyo halitoki.

Sasa siku hiyo nafanya jaribio wanauliza insidious ni nini, nikachagua kitu kinachodhuru taratibu kwa kificho. Ikaniwekea kosa! Eti jibu ni kitu kinacholeta husuda. Hiyo ni invidious jamani, imetoka kwenye invidia, wivu. Insidious imetoka kwenye insidiae, kuvizia mtu. Fungua kamusi yoyote ya maana utaikuta.

Nikawaandikia WhatsApp kwa adabu kabisa, na picha ya skrini nikaweka. Kaka anayejibu akaniambia "Dada, kama Kiingereza kinakusumbua anza na cha msingi, haya maneno sio ya kila mtu." Nikamweleza tena, akaniblock. Hela yangu wanayo halafu ananiblock!

Na hili sio kosa dogo. Kwenye GRE kuna maswali unapewa machaguo 6 uchague 2 yanayoipa sentensi maana inayofanana, ukipata moja ukakosa jingine hupati kitu, hakuna nusu maksi. Mtu ameungaunga ada ya mtihani miezi na miezi, anaingia na maana ya uongo kichwani aliyouziwa na hawa.

Nilitaka niishie hapo niseme msinunue, ila haki yao niwape. Juzi nasoma gazeti la Uingereza nikakutana na mendacious, sikugusa kamusi, nikakumbuka mendax, mwongo. Mbele kidogo lachrymose, nikaona lacrima, chozi, nikaendelea kusoma. Hiyo mimi wa mwaka jana nisingeweza, kwa hiyo kwa mizizi labda inunue tu ile ya bei ya chini.

Hapana lakini. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kama hilo wamekosea na aliyewaonyesha wamemdharau, mangapi mengine nimeyameza hivyo hivyo? Saa hizi narudia neno moja moja kwenye kamusi, kazi ambayo niliwalipa wao. Msinunue, hata ya bei ya chini, mpaka walirekebishe lile swali na yule kaka aniombe radhi.