Nyama Iliyomo Katika Chakula Kikavu cha Mbwa: Mfuko Upi Utangulie

Mnunuzi anayeingia katika duka la vyakula vya mifugo Kinondoni au Mikocheni, jijini Dar es Salaam, hukuta mifuko ya chakula cha mbwa iliyopambwa kwa picha za mapaja ya kuku na minofu ya ng'ombe, ilhali kinachopaswa kumwongoza ni orodha ya viambato iliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya mfuko. Orodha hiyo hupangwa kwa uzito, kiambato kizito kikitangulia, na uzito unaohesabiwa ni ule wa kabla ya kupikwa. Hapo ndipo wengi hupotoshwa.

Kuku mbichi ni maji kwa takriban asilimia 70, lakini chakula kikavu kinapotoka kiwandani huwa kimebaki na maji ya asilimia 10 hivi. Tuseme kiwanda kimetia kilo 20 za kuku mbichi na kilo 18 za mahindi. Kuku ataandikwa wa kwanza, lakini baada ya kukaushwa atabaki kilo 6 au 7, ilhali mahindi, yaliyoingia yakiwa makavu, hayatapungua sana. Unga wa kuku, unaoandikwa "chicken meal" mfukoni, ni kitu kingine: ni nyama na ngozi, pamoja na mifupa au bila mifupa, iliyopikwa hadi maji na mafuta mengi yakatoka, kisha ikasagwa. Protini yake hufika takriban asilimia 65, na kwa kuwa maji yake yalikwisha kutoka, nafasi yake katika orodha inaeleza ukweli. Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naupa mfuko unaoanza na unga wa mnyama aliyetajwa kwa jina, awe kuku, kondoo au samaki, na ninauweka mbele ya ule unaojivunia nyama mbichi.

Mfuko wa nyama mbichi unastahili nafasi ya pili, kwa sharti kwamba unga wa mnyama aliyetajwa ufuate mara moja baada ya nyama hiyo. Ukikuta kuku mbichi anafuatwa na mahindi, pumba za mahindi na gluteni ya mahindi (yaani protini iliyotolewa katika mahindi), jumlisha hayo matatu kichwani mwako, kwa maana zao moja limegawanywa mafungu ili kila fungu lionekane dogo kuliko nyama. Mfuko wa namna hiyo mimi nauhesabu kuwa wa nafaka.

Nafasi ya tatu ni ya mazao mengine ya kuku, yaani vichwa, miguu, utumbo, maini na firigisi. Wako wanunuzi wanaoyakwepa kwa kuyaona ni uchafu, na sikubaliani nao. Katika jiji ambamo supu ya utumbo hunywewa asubuhi na miguu ya kuku hukaangwa barabarani jioni, hatuna sababu ya kudhani kwamba mbwa anadhulumiwa kwa kupewa sehemu hizo. Tatizo lake ni kwamba ubora hubadilika kulingana na sehemu zilizozidi katika mchanganyiko, na mnunuzi hawezi kuzijua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni unga wa nyama na mifupa usiotaja mnyama, ambao huandikwa "meat and bone meal", na nimeuweka nafasi ya nne. Unaweza kutokana na ng'ombe, kondoo au nguruwe, na mtengenezaji ana uhuru wa kubadilisha chanzo bila kubadilisha maandishi. Mbwa akianza kujikuna na masikio yakavimba, daktari wa mifugo atauliza amekula nyama gani, na mwenye mbwa hatakuwa na jibu. Familia ya Kiislamu inayofuga mbwa wa ulinzi na isiyotaka nguruwe aingie uani inahitaji jibu hilo hata mbwa akiwa mzima.

Nafasi ya mwisho ni ya mifuko inayoanza na nafaka na kutaja nyama kama ladha tu. Kwa kanuni za Marekani, chakula kilichoandikwa kuwa "na ng'ombe" kinatosheka na asilimia 3 ya nyama hiyo, na Ulaya ni asilimia 4. Kinachotaja ladha pekee hakiwekewi hata kiwango hicho.

Asilimia ya protini peke yake isikushawishi. Maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, na kipimo hicho hakitofautishi nyama na kitu kingine chenye naitrojeni. Mwaka 2007 mbwa na paka walikufa Marekani baada ya gluteni ya ngano kutoka China kutiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi isiyo chakula, ili kipimo cha protini kipande. Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo Marekani, vinataka angalau asilimia 18 ya protini kwa mbwa mkubwa na 22.5 kwa mtoto wa mbwa, vikipimwa bila maji. Timiza hilo kwanza, kisha urudi kwenye orodha uone protini imetoka wapi.

Anayelea mtoto wa German Shepherd au Boerboel aangalie pia kalsiamu, ambayo huongezeka pale mifupa inapozidi katika unga. Kwa watoto wa mbwa wa aina zenye maumbo makubwa isizidi asilimia 1.8, la sivyo mifupa yao inaweza kukua vibaya.

Yote haya hayafai kitu ikiwa unanunua chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, kama inavyofanyika katika maduka mengi ya jijini. Mwombe muuzaji akuonyeshe mfuko wenyewe, usome orodha na tarehe ya mwisho wa matumizi, na unuse: kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, mafuta ya nyama huchacha upesi mfuko ukikaa wazi. Kama fedha inaruhusu, nunua mfuko mdogo uliofungwa badala ya kilo nyingi za kupimiwa, na ukifika nyumbani uuweke pamoja na chakula chake ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na jua.